Uvumi Kwamba Fetu Anazuia Data za Watu

Uvumi ulinikuta jikoni mwa kanisa letu, hapa Mount Druitt, Sydney, mikono imejaa maganda ya majimbi.

Masina wa kwaya alinisogelea. Ati binti yangu Fetu, kule kwenye jengo la kompyuta anakofanya kazi, anazuia data za watu makusudi.

Nikacheka. Moyoni presha juu.

Fetu alikuwa kwenye majaribio. Ijumaa ndiyo wanaamua: aajiriwe, au arudi kupanga makopo supamaketi.

Siku tatu sikulala. Alhamisi nikapika beseni zima la sapasui, zile tambi zetu za Kisamoa, nikaenda mpaka getini kwao. Mlinzi akauliza kama nina miadi. Nikamwambia nina tambi.

Bosi wake, Brenton, akashuka. Fetu nyuma yake, macho yamemtoka.

Nikaomba radhi kabla sijaulizwa. Nikasema bado mtoto, hatarudia kuzuia data za watu.

Brenton akamgeukia. "Kwani unazuia?"

"Nazuia. Kila siku."

Nikamsogezea Brenton beseni.

"Mama, kazi moja ya mteja inakatwa vipande mia, kila kimoja na njia yake. Mteja hapati kitu mpaka cha mwisho kifike. Sasa hiki chenye mbio kinawahi nini? Nakiambia kisubiri, vya wateja wengine vipite kwanza. Jumapili kwako, nani anagusa jimbi kabla samaki hajafika mezani?"

Hakuna. Nawapiga vidole kwa mwiko.

Brenton alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kumbe kuzuia huko ndiko kulikofanya kazi za wateja ziishe mapema. Barua ya ajira alishaisaini tangu Jumatatu. Akaondoka na beseni.

Nikarudi na hasira zangu kumsaka mmbea. Masina kasikia kwa mama mwenzetu, Pua. Pua kasikia kwa Lagi, mwenzetu wa jikoni. Lagi akanitazama kana kwamba mimi ni mgonjwa.

"Si wewe, dada? Tulikuwa tunamenya majimbi, ukajisifu kwamba Fetu data zote za mji anazizuia yeye."

Kweli nilisema. "Makusudi" ndiyo waliyoongeza njiani.

Akina mama wenzangu, epukeni haya:

Kueleza kazi ya mwanao ambayo huielewi.

Kumwombea radhi kabla hujamuuliza mwenyewe.

Kumsaka mmbea kabla hujakumbuka ulisema nini.

Kwenda kazini kwake na chakula. Sasa kila Alhamisi Brenton anaulizia.

Na kubebea chakula hicho kwenye beseni zuri. Langu mpaka leo halijarudi.