Neno Travel Kwenye Hema la Mahojiano

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani, katika kambi ya mapito karibu na mto Rusizi, Mkuu wa Mahojiano alinikalisha ubavuni pake akanipa sheria moja: "Usiongeze, usipunguze." Kisha akanitazama kama mtu aliyekwisha kunikamata. Nami nilimtilia shaka. Mgeni atoke mbali kote huko kuja kuuliza watu maswali, anatafuta nini hasa?

Vita vya Kongo vilikuwa vikirudisha watu kwao, upande wetu wa mto, kila siku, na hakuna aliyemwamini mwenzake. Sisi wakalimani tuliokulia Bukavu, waliorudi walituona wapelelezi. Wakubwa walituona tunawaficha ndugu zetu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokezana: Mkuu anauliza kwa Kiingereza, ananyamaza, nami nalitoa swali kwa Kiswahili au Kinyarwanda. Asiyeaminika alipelekwa hema la pembeni kungoja uchunguzi, na wengine walingoja sana.

Swali la kwanza halikubadilika: mlisafirije? Neno lake lilikuwa travel. Wote walijibu, "Na miguu," basi. Mkuu akachukia, akasema wamefundishana jibu. Mchana mmoja tukinywa chai alinieleza, kwa kuringa kidogo, kwamba Waingereza walilitoa neno hilo kwa Wafaransa, kwenye travail, yaani kazi, ile ile tunayoijua. Na nyuma zaidi lilikuwa jina la chombo cha miti mitatu cha kutesea watu. Zamani kwenda mbali kulikuwa taabu tupu, akasema. Nilidhani ananitega.

Ndipo akaja Maman Espérance, aliyelelewa Uvira, na msichana mdogo asiyefanana naye hata kidogo. Mkuu alininong'oneza kwamba huenda mtoto ameibwa. Jibu likiwa baya, atawatenganisha. Akauliza swali lake. Safari hii nililifuata neno lake mpaka kwenye mzizi:

"Maman, njiani mulikuwa munafanya kazi gani?"

Mama akashtuka, kisha maneno yakamtoka.

"Haiko mi nilimuzala. Mama yake alibakia mu pori. Akichoka, namubeba. Basoda bakipita na bunduki, namuziba kinywa. Ye, kazi yake ilikuwa moto."

"Moto?"

Mtoto akafungua viganja. "Nabeba makala ya moto mu mukebe. Ikizima, tunalala na njaa."

Viganja vilikuwa makovu matupu. Nilitaka kulia, nikatafsiri.

Mkuu aliitazama mikono ile, akaagiza wapande pamoja lori la kwenda Rwimbogo, kwenye makazi ya waliorudi. Halafu akanigeukia. Neno "kazi" alikuwa ameshalijua.

"Hukuuliza nilichouliza."

"Nimeuliza neno lako, Chef."

Kesho yake mkalimani wa pili aliwekwa nyuma yangu kunisikiliza, akakaa hapo mpaka nilipohamishiwa Bugarama, kwa Mkuu mwingine aliyenishuku vilevile.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama sikuumia kutoaminiwa miaka yote ile. Sikuumia. Kazi ile ilitaka mtu ashukiwe, na mimi mwenyewe nisingemwamini mkalimani kama mimi. Wangeweka hata wa tatu nyuma yangu, wangekuwa wamechelewa: Maman Espérance na mwanawe walikuwa wameshafika Rwimbogo.