Niliiosha Mashine ya Marehemu, Lawama Akabeba Mwingine

Admin, naomba ufiche jina langu na majina ya watu wangu, maana wengine wanaisoma page hii. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na tatu, mama wa watoto watatu. Nilizaliwa Kenya upande wa Busia, nikaolewa Uganda na mwanaume wa Mbale. Tuliishi Jinja, Nalufenya, na bado niko hapo.

Mume wangu alikuwa anakata nyasi kwenye nyumba za wageni na viwanja vya shule. Alikuwa na mashine kuukuu ya kukalia, ile inayofanana na trekta ndogo. Chini yake kuna visu vitatu, na kila kisu kinazungushwa na shafti yake ndani ya beringi. Mafundi huziita spindo. Mashine ile hakuipeleka kuoshwa hata siku moja. Alichukua mwiko wangu wa zamani wa ugali, akalala chali juu ya gunia na kukwangua nyasi zilizoganda. Akimaliza anagusa spindo moja moja kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Aliniambia maji yakiingia mle, beringi hazimalizi mwezi.

Nilijua. Ndiyo maana naandika.

Alipofariki, mwili uliletwa nyumbani kwanza kabla ya kwenda kuzikwa Mbale. Mjane hukaa kwenye mkeka karibu na mwili, haondoki. Nilikaa tangu asubuhi, na mchana nikaona siwezi tena. Nikamwambia shangazi yake naenda kuoga. Nyuma ya nyumba nikaikuta mashine imejaa tope la kazi yake ya mwisho, na watu wa kanisa wanapita wakiitazama. Niliona aibu kwa niaba yake. Jirani yetu anayeosha boda boda alikuwa ameacha pampu yake ya maji pale uani. Jenereta ya spika ilikuwa inanguruma, hakuna aliyenisikia. Nikaiosha juu, kisha nikaelekeza maji chini, kwenye visu, mpaka yakatoka meupe. Kwa mara ya kwanza siku ile mikono yangu ilikuwa na kazi. Nikarudi kwenye mkeka nimelowa, wakaamini nimetoka kuoga.

Tulikaa Mbale na wakwe zaidi ya mwezi. Mashine ilibaki chini ya turubai.

Tuliporudi, aliyeiwasha ni rafiki wa mume wangu. Ni askari magereza mstaafu, mtu wa Teso, na wote tunamwita Afande. Walifanya kazi pamoja miaka minane. Alitaka kuwahi bustani ya nyumba moja ya wageni iliyokuwa na harusi, ili tusipoteze ile kazi. Mashine ikapiga kelele, nyasi zikatoka kama zimetafunwa na mbuzi, lakini akaing'ang'ania hivyo hivyo siku mbili. Alipoifungua mbele yangu, yalitoka maji ya kutu, rangi ya chai. Beringi zilikuwa zimekufa, na shafti zimekula vikombe vinavyozishika.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye ambaye ukoo ulimpa kazi ya kutuangalia. Alikuja kutoka Namakwekwe, kule Mbale, akaviona vyuma vile vibovu, akasema mbele ya majirani kwamba Afande ametoa spindo nzima akauza na kuweka takataka.

"Umechunga wezi miaka mingi," alimwambia, "sasa wamekufundisha kazi yao."

Watu wakacheka. Afande alinigeukia mimi. "Mama, wewe ulikuwa hapa nilipofungua. Maji ilitoka. Ambia wao."

Nilisema, "Mimi sijui mambo ya mashine."

Alipangusa spana za marehemu moja moja, akazipanga kwenye boksi, akaondoka. Maneno yalimtangulia kila bustani. Hakuna anayempa kazi tena.

Nilibeba shafti moja na kikombe chake hadi Mbale, kwa fundi wa kukereza vyuma. Nilidhani mashine ikipona, maneno nayo yatapoa. Akasema shafti mpya anaweza kuchonga, lakini kikombe kimelika na kupasuka, hakitashika beringi yoyote. Ingebidi kubadilisha sahani yote ya chini inayobeba visu, na mashine za aina ile hazitengenezwi tena. Aliniuliza nani aliipiga maji. Nikasema mvua.

Wiki iliyopita nikajikaza kwenda kwa Afande, Wanyange, nje kidogo ya mji, nimwambie ukweli. Alinipa kiti, mkewe akaleta chai. Kabla sijafungua mdomo, yeye akaanza. Alisema amefikiria sana. Marehemu alipokuwa anaumwa, kuweka grisi ilikuwa kazi yake yeye Afande, na alichelewa. Spindo zingejaa grisi, maji yasingepata pa kuingia.

"Mama, ni mimi nimeua mashine ya rafiki yangu," alisema. "Samehe mimi."

Nami, ndugu zangu, nikamwambia, "Imepita, Afande." Nikamaliza chai, nikaondoka.

Jumamosi shemeji anakuja na watu wa vyuma chakavu kuikata mashine. Nikisema, wakwe watajua niliuacha mwili wa mume wangu nikaenda kuosha mashine, nikadanganya kwenye msiba, na kwamba mali ya ndugu yao niliiharibu mwenyewe. Nyumba tunayolala ni ya ukoo, na wanangu hawana pengine. Nikinyamaza, mzee wa watu atakufa akiamini ni yeye aliyeniua kwa njaa. Na hata nikisema leo, mashine haifufuki, wala sioni ni nani atakayemrudishia zile bustani.

Nishaurini, mnaojua uchungu wa msiba, nianzie wapi. Ila msiniambie nimwombe Mungu msamaha. Huyo nilishamwomba. Aliyebaki ni Afande, na yeye ndiye anayeniomba mimi.