A Isiyo na Mkanda

Mama mdogo alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, nyuma ya duka la vitabu. Alisimama mbele ya droo za herufi tangu sijaanza shule mpaka nikamaliza chuo, na kucha zake hazikuwahi kutakata wino. Kadi za harusi zilikuwa zake. Hakuna mwingine aliyethubutu kugusa droo ya juu, yenye herufi kubwa za madini ya risasi zilizochongwa mstari wa nje tu, ndani tupu, na vijiguu vya madaha kwenye ncha. Wino ukizidi kidogo, ule weupe wa ndani ulijaa na urembo wote ukaisha.

Zilitoka ng'ambo, kwa watu ambao lugha yao haiipendi A kama yetu. V zilikuwa tele, zinang'aa kwa kukosa kazi. A zilikuja tatu, kisha moja ikaanguka ikavunjika. Ndiyo maana kadi zote za mji wetu ziliandikwa KARIBUNI HARUSINI: A mbili, basi. Watu walidhani ni mtindo.

Binti yake, mdogo wangu, alipochumbiwa, kiwanda kilikuwa kimeshaagiza kompyuta, na herufi zinangoja kuyeyushwa. Mama mdogo alitaka jambo moja tu: kadi ya mwanawe aipange yeye, kwa mkono.

"Sawa, mama," binti akasema, "ila iandikwe MWALIKO WA HARUSI. Hiyo Karibuni Harusini ni ya kina bibi."

"Kina bibi ndio sisi?"

"Mimi sijasema. Kama haiwezekani, niende kwa wenye kompyuta. Kwao A haziishi."

Kesho yake nilipompitia mama mdogo kazini, nilimkuta ameshika V, anaigeuza kichwa chini miguu juu. Akaipachika kwenye HARUSI, akakaza fremu, akapitisha rola ya wino taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Karatasi ilipotoka, A ile ya kugeuza ilikuwa kali kuliko zile mbili zilizochakaa. Ila ule mstari wa katikati haukuwapo.

Jioni binti alikuja, akaiinua karatasi dirishani. Mama yake alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa, anafuta palipokwisha kufutwa.

"Mama, hii A mbona haina mkanda?"

"Kafungua. Si anakwenda harusini kula?"

Binti alicheka mpaka akaketi juu ya rundo la karatasi. Aliitazama tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Chapa hivyo hivyo," akasema. "Wakiniuliza nitawaambia ni ya ukoo wetu."

Mama mdogo akakanyaga pedali, na ile mashine ikaanza kugonga mdundo wake wa kale, mlio ambao siku hizi siusikii popote. Mimi nilipokea kadi, mojamoja, nikizianika kwenye kamba. Weupe wa ndani haukujaa hata kwenye moja.