Swali la Msibani

Neno "uchunguzi" linanikera. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mbale, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Kila mwaka nasimama ubaoni na kuandika: kuuliza, kudadisi, kupekua, kupeleleza, kuhoji, kuchunguza. Nawaeleza wanafunzi kwamba anayeuliza anataka kujua, anayedadisi anataka kujua hata yasiyomhusu, anayepeleleza hataki ujue kwamba anakutazama, na anayehoji anakudai jibu. Wananakili, kengele inalia, nami naondoka na hasira, maana maelezo hayo sikuyatoa kwenye kamusi. Niliyapata nyumbani kwa wakwe wa mdogo wangu.

Tulizaliwa Jinja, mimi na yeye, watoto wa askari jela. Kwenye nyumba za askari kila mtu alikuja na lugha ya kwao, hivyo Kiswahili ndicho kilichotulea. Mdogo wangu akaolewa na dereva wa malori, kijana wa chini ya mlima Wanale, na kwa kuwa Kigisu, lugha ya kwao, nakijua cha kuombea maji tu, mimi na shemeji tulizungumza Kiswahili siku zote.

Miaka ikapita bila mtoto. Basi mama mkwe akaanza kazi. Alidadisi mbona tumbo liko vilevile. Alipekua mkoba wa mdogo wangu akitafuta vidonge vya kuzuia mimba. Alimtuma wifi ampeleleze sokoni, aone anasimama na nani. Jioni wakawa wanamhoji sebuleni, mume akiwepo, macho kwenye simu yake. Mdogo wangu alinipigia akicheka, "Dada, mimi sikuolewa kwa watu, niliolewa kituo cha polisi." Yeye alicheka. Mimi damu ilinichemka, lakini ndoa ya mtu utaiingiliaje?

Likizo moja, nikiwa Jinja kwa mama yetu, tumbo likamshika mdogo wangu. Mwanamke mwingine angepelekwa hospitali. Huyu, mama mkwe alisema, tumbo lisilozaa haliumi bure, pana mkono wa mtu. Wakaita mganga aje aague. Huo ndio waliouita uchunguzi. Mganga akauliza nani aliingia na chakula katika nyumba hiyo, wakamtaja jirani yao, bibi mjane aliyekuwa amemletea mdogo wangu bakuli la malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwao, yaliyopikwa kwa karanga. Basi, mchawi kapatikana. Siku zikaliwa na mambo ya mjane: nani alimwona, alipitia mlango upi, bakuli liko wapi. Na mgonjwa yuko chumbani amejikunja.

Walimpeleka hospitali alipokuwa hawezi tena kusema. Mimi nilifika nimechelewa. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alituambia utumbo ulikuwa umetoboka zamani na usaha umejaa tumboni. "Maumivu yalianza lini?" akauliza. Mimi sikujua. Shemeji akatazama sakafu akasema, "Ghafla, daktari." Kabla jua halijachwa mdogo wangu akafa.

Kwa watu wale, kabla jeneza halijashushwa, mmoja wa familia husimama na kueleza ugonjwa tangu ulipoanza hadi pumzi ya mwisho. Waombolezaji hutega masikio. Litakalosemwa hapo ndilo litakalobaki. Huwezi kuja mwezi ujao na habari nyingine. Aliyesimama alikuwa shemeji. Alisema kwa Kigisu, na wifi mmoja mwenye huruma akanitafsiria sikioni: mke wangu aliugua ghafla baada ya kula chakula cha jirani, na uchunguzi tumefanya.

Nyuma ya turubai vijana wakaanza kunong'onezana. Mmoja alikuwa bado ameshika panga la kukatia majani ya migomba. Mjane alikuwa palepale, kwenye mkeka wa wanawake, leso kichwani, amekuja kumlilia mtu aliyekuwa akila naye. Alisikia kila neno na hakuinua uso. Nikajua kwamba tukitawanyika hivi, vijana watakwenda kwake moja kwa moja kumuua, na mdogo wangu atakuwa ameuliwa mara ya pili kwa kuuawa mtu mwingine kwa jina lake.

Nikasimama. Mwongozaji wa shughuli akaniwahi, "Mwalimu, tafadhali, msibani hatuhoji."

"Sihoji," nikamwambia. "Nauliza."

Nilimgeukia shemeji, nikasema kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yetu. Huku wengi wanakijua Kiswahili kama lugha ya amri za askari kwenye vizuizi vya barabarani, kwa hiyo hata waliokuwa wakilia walinyamaza. Sikukusudia kuwatisha, ila siku ile sikuona vibaya wakitishika.

"Shemeji, tumbo lilianza kuuma lini?"

Akapepesa macho kumtafuta mama yake. Nikamwambia aniangalie mimi.

"Jumapili," akasema. "Tulipotoka kanisani."

"Na malewa alikula lini?"

"Jumatatu. Bibi alisikia anaumwa, akamletea."

"Na hospitali?"

"Ijumaa."

Yule wifi aliyenitafsiria alikuwa amesimama. Bila kuombwa na mtu, akayasema majibu yale kwa Kigisu, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani: Jumapili, Jumatatu, Ijumaa. Wazee wakatazamana. Mzee mmoja akamnyang'anya kijana lile panga, akalikalia. Mama mkwe akaniambia nimewaaibisha mbele ya maiti. Nikamjibu, "Ndiyo, mama," na sikuongeza neno, maana ningeongeza ningemtukana.

Ningeweza kukaa hapo. Mjane alikuwa amesalimika. Lakini lilikuwa limebaki jambo moja, na ardhi ilikuwa karibu kulifunika.

"Shemeji, hizo siku zote, yeye mwenyewe alisema anaumwa upande gani?"

Akalitazama jeneza.

"Hatukumuuliza," akasema.