Aliyesema Leo Sifai

Katika mnara wa kuongozea ndege alikofanya kazi Mzee Taratibu palikuwa na kanuni ambayo haikubandikwa ukutani, lakini kila mtu aliijua: mwenzako akisema, "Leo sifai," humuulizi sababu, na humpi kiti. Kanuni hiyo aliileta yeye mwenyewe alipofanywa mkuu wa zamu. Kichwa chenye kelele, alisema, hakimsikii rubani, na rubani asiyesikiwa hana mwingine wa kumwambia.

Watu wengi hawaijui kazi ile. Msafiri hushuka salama akamshukuru Mungu, akampongeza rubani, hata mhudumu aliyempa maji akamwambia asante. Wa mnarani hamkumbuki, kwa kuwa hakumwona. "Sisi ni magolikipa," Mzee alizoea kusema. "Jina letu hutajwa siku tumefungwa." Hilo jina la Taratibu alipewa na marubani. Mawingu yakifunga, ndege zikipanga foleni angani na kila mmoja akitaka kutangulia, sauti yake haikupanda. "Taratibu, kaka. Wewe ni wa pili. Mwenzako ana mgonjwa." Nao walitulia.

Mbele ya kiti cha mwongozaji palikuwa na ubao wa vipande vya karatasi, kila ndege na kipande chake, na kando yake kibao chekundu. Gari la ukaguzi likiingia kwenye njia ya kurukia, kibao kinawekwa juu ya vile vipande, na hakitolewi mpaka dereva aseme ametoka. Jambo dogo, la kumfundisha mtoto wa chekechea. Lakini macho ya mtu huchoka na kumdanganya, kibao hakichoki.

Miongoni mwa aliowafundisha Mzee alikuwamo binti waliyemwita Kasuku. Kazini rubani hurudia kila agizo ili mwongozaji ajue limefika, na binti huyu alilichukua zoezi hilo hadi mitaani. Hata muuza chai aliambiwa, "Sukari kijiko kimoja. Rudia!" Muuza chai akajibu, "Sukari kijiko kimoja, na deni la jana pia. Rudia!" Mnara mzima ukacheka. Mzee Taratibu hakujaliwa mtoto, na Kasuku hakumjua baba yake. Alimwita Mzee "Baba", na siku ya kuolewa kwake, Mzee ndiye aliyekaa mahali pa baba.

Ikafika siku ambayo wakubwa walikuwa wametangaza kuja mnarani kuwashukuru waongoza ndege. Haikuwa imewahi kutokea. Mzee alikuja amevaa tai.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona tai?"

"Imekukaa vizuri." Kasuku hakuketi. "Baba, leo sifai. Mtoto alishikwa na degedege alfajiri. Yuko hospitali na bibi yake. Wanasema ana nafuu, lakini mimi..."

"Sikukuuliza sababu," alisema Mzee, kama kanuni ilivyotaka. Kisha akatazama saa, akatazama tai. "Lakini leo, mwanangu? Leo kweli?"

Angeweza kukaa yeye. Leseni alikuwa nayo, na mkono wake ulikuwa bado mwepesi. Lakini nani angewapokea wageni? Alijiona akipigwa picha ya mgongo, kipaza sauti mdomoni, huku mwingine akipeana mikono na mkurugenzi.

"Kaa kidogo tu," alisema. "Wakishuka, nakupokea."

"Wakishuka, unanipokea," alirudia Kasuku, akaketi.

Kusifiwa si dhambi. Mtu aliyefanya kazi gizani maisha yake yote ana haki ya kutamani kuonekana. Lakini haki hiyo haimpi ruhusa ya kuweka kando wajibu, hata kwa muda wa hotuba moja.

Wageni walipanda ngazi wakihema, wakajipanga dirishani wapigwe picha. Hilo ndilo dirisha linalotazama njia ya kurukia. Mkurugenzi alikuwa akisema, "Bila nyinyi, anga ni msitu," dereva wa ukaguzi alipoomba kuingia kuokota kunguru aliyekufa njiani. Kasuku akamruhusu. Mkono ulipaswa kwenda kwenye kibao chekundu, haukwenda. Baadaye alisema alikuwa akisikia mtoto akilia, na hapakuwa na mtoto.

Rubani akaomba kutua. Kasuku akatazama ubao, haukuwa na kibao chekundu. Akatazama dirisha, akaona suti. Akasema, "Tua."

"Kuna gari! Napaa tena!" Sauti ya rubani ilijaa chumba, kisha mngurumo ukatikisa vioo. Ndege ilipita juu ya gari, dereva amelala kifudifudi kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Mgeni mmoja alidhani ni maonyesho, akapiga makofi.

Uchunguzi ulifanyika katika chumba kidogo chenye feni mbovu. Kasuku aliulizwa, akajibu wima, "Nilisahau kibao. Kosa ni langu." Hakuongeza. Kulitaja jambo lililobaki ilikuwa kazi ya mkubwa wake, na alimwachia nafasi.

"Mkuu wa zamu," aliuliza mwenyekiti, "binti huyu alipoketi alikuwa na hali gani?"

Mzee Taratibu alikohoa. "Alikuwa sawa."

Kasuku alimgeukia. Leseni ya binti ilifutwa.

Tangu hapo hakuna aliyewahi kusema tena kwamba hafai. Walikuja na homa, na misiba, na usingizi, wakaketi. Mzee alistaafu kwa heshima zote. Akakaa nyumbani akinuna, mpaka mkewe akamwambia, "Bwana wee, kama kuna mfupa kooni, utoe. Mimi si daktari." Ndipo alipokwenda kwa mkurugenzi, akasema yote, amesimama.

"Mzee wangu," mkurugenzi alimjibu, "faili limefungwa. Kapumzike."

Akaenda kwa Kasuku. Mama yake ndiye aliyefungua mlango, mjukuu mzima wa afya akichungulia nyuma ya gauni lake.

"Nimekuja kusema ukweli," alisema Mzee.

"Ukweli huo ulikuwa na mahali pake, shemeji. Palikuwa na viti na mwenyekiti." Sauti ya mama haikuwa na hasira. "Binti yuko kazini, anauza vocha stendi. Nitamwambia umepita."

Alimwambia. Kasuku hakwenda, wala hakutuma salamu. Mzee alipita stendi wiki iliyofuata, akasimama mbele ya kibanda. Kasuku alimwamkia vizuri: "Shikamoo, mzee. Nikupe ya shilingi ngapi?"

Binti alipoteza kazi aliyoiweza kuliko wenzake wote. Mzee Taratibu alipoteza mtu pekee aliyewahi kumwita Baba.