Mkwe Akiingia, Mkwe Atoke

Juzi kule Ibaba, kikundi cha maji kilikuwa kinapitisha katiba yake. Kifungu cha kumruhusu mwanamke kuwa mwenyekiti kilikwama, kura zililingana. Mara mkono ukapenya dirishani.

"Wa nani huo?" akauliza mzee mwenyekiti, aliyekipinga kifungu.

"Wa mkweo, mzee," akajibu mwanachama mmoja. "Mke wa mwanao ataingiaje humu na wewe upo?"

Mzee akageukia ukutani haraka, maana kwa mila yao wakwe hawa hawatazamani.

"Kura ya nje haihesabiki!" mmoja akadakia.

"Na mvua yote hiyo inamnyeshea," mzee akanung'unika. "Basi aingie, mimi natoka."

Akapitia mlango wa nyuma, mkwewe akaingia na kura yake, na kifungu kikapita.

Katiba ile inasema wanachama wote ni sawa. Imepitishwa na mila isiyokubali usawa huo hata kidogo.