Jioni Iliyoandikwa Asubuhi

Alhamisi, tarehe 19 Septemba. Manyunyu tangu alfajiri, yakakatika saa mbili. Baadaye mawingu bila mvua, ubaridi wa kuvaa sweta.

Hayo ndiyo niliyoandika kwenye kijitabu changu nikiwa kazini asubuhi ile. Sikujua kama siku ile ingekuwa na jambo zito kuliko mawingu.

Mwenye kliniki yetu ana miaka hamsini na miwili. Tulisoma pamoja hadi kidato cha nne, kisha yeye akaenda kusomea uuguzi, mimi nikaishia kwenye ukarani. Miaka kumi na mmoja iliyopita, alipofungua chumba kimoja chenye kitanda kimoja na shuka badala ya pazia, alinifuata nyumbani akasema, "Mwandiko wako unasomeka. Njoo." Leo kuna vyumba sita, maabara ndogo, na watu tisa wanaopata riziki yao pale. Akiwa hayupo tunamwita Mama Saa. Nadhani anajua.

Huamka saa kumi na moja alfajiri. Hunywa maji ya uvuguvugu, hupiga pasi koti lake mwenyewe, kwa kuwa anasema anayepigiwa pasi hajui kola yake imechakaa wapi. Saa moja kasorobo yuko mlangoni. Hupitisha leso nyeupe chini ya vitanda, akiona vumbi hasemi neno, huiacha leso mezani kwa anayehusika. Mambo matatu ya siku huyaandika nyuma ya boksi tupu la dawa, si manne, si mawili. Lakini kabla ya yote hayo huenda kwenye jokofu la chanjo. Ukimwamkia njiani hakujibu. "Friji kwanza, salamu baadaye."

Pembeni mwa jokofu inaning'inia karatasi ya joto. Kila siku ina visanduku viwili, asubuhi na jioni, na joto linatakiwa liwe kati ya nyuzi mbili na nane. Karatasi hiyo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuiandika. "Karatasi yenye mikono mingi haina mwenyewe," husema. Karatasi za miaka yote kumi na mmoja zimo kwenye kabati langu, na hazina kisanduku kitupu hata kimoja. Wageni wakija, anawaonyesha hizo kabla hajawaonyesha maabara.

Sasa niseme ninalopaswa kusema. Siku ambazo alijua mchana hatakuwepo, aliandika vyote viwili asubuhi. Niliona mara ya kwanza yapata miaka minne iliyopita, nikadhani jioni atafuta. Hakufuta. Nami nikanyamaza, kwa sababu jokofu lilikuwa zima, na kwa sababu ndiye bosi.

Alhamisi ile alialikwa chuo cha uuguzi kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu mafanikio. Nilimsindikiza kubeba mafaili, nikakaa kiti cha nyuma karibu na dirisha. Ukumbi ulinuka rangi mpya na nguo zilizonyeshewa. Alizungumza vizuri. Aliwaambia kuwa mafanikio hayana uhusiano na akili nyingi, kwamba wenye akili kumzidi aliwaona wakifunga milango. "Mafanikio ni kutoruka," alisema. "Pengo kwenye karatasi ni pengo kwenye kazi." Halafu akatoa karatasi ya mwezi ule, aliyoibandua jokofuni asubuhi, akaipitisha wajionee kwa macho yao.

Karatasi ilipofika safu ya tatu ilikaa. Msichana mmoja mwenye miwani mikubwa aliisogeza karibu na uso, akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Leo si tarehe kumi na tisa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na sasa ni saa nne na robo?"

"Saa nne na robo, naam."

"Hapa jioni ya leo imeshaandikwa. Nyuzi tano."

Mmoja wa wavulana akapaza sauti, "Mama anapiga ramli!" Ukumbi mzima ukalipuka. Mwingine akauliza kama na matokeo ya mitihani yao ameshayaona. Mwalimu wao akagonga meza, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatikisika.

Nimemjua tangu tukiwa na sare za shule. Sijawahi kuuona uso ule. Aliangalia nyuma, akanikuta.

"Hilo," alisema, "ni kosa la karani wangu."

Vichwa sitini vikageuka. Nilikuwa nimeshika mafaili mapajani, nikaendelea kuyashika.

Tulirudi kwa gari lake. Aliendesha kama anayejifunza, akisimama hata palipokuwa wazi. Kwenye kona ya mwisho akasema, "Umekasirika."

"Sijakasirika."

"Afadhali ungekasirika. Ningepumua."

Kusema kweli nilikuwa naona haya kwa ajili yake, na haya ya mtu mwingine ni mzigo usioweza kuutua.

Tulipofika hakwenda ofisini, alikwenda jokofuni na karatasi mkononi. Shangazi alikuwa pale anapanga sindano. Shangazi ndiye muuguzi wetu mkongwe. Alistaafu hospitali kubwa, akachoka kukaa nyumbani wiki ya pili, na kila mtu anamwita hivyo hata wagonjwa wanaomzidi umri.

"Haya, mtoa mada," alisema. "Wamekupigia makofi?"

"Shangazi, niache."

"Kumbe wamekuzomea."

Tukamweleza. Hakucheka. Alivaa miwani yake, akaangalia kipimajoto. Kina namba kubwa katikati, na namba mbili ndogo pembeni: joto la juu kabisa na la chini kabisa tangu kilipofutwa kumbukumbu. Bosi siku zote alisoma namba kubwa. Namba kubwa ilisema tano.

"Na hii ndogo ya chini?" Shangazi aliuliza.

Ilisema tatu, na mbele yake palikuwa na kijistari. Nyuzi tatu chini ya sifuri.

Bosi akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Chanjo ya sindano ya watoto wachanga, ile ya pepopunda na kifaduro, haiogopi joto tu. Ikiganda mara moja imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana kama ilivyokuwa. Haimdhuru mtoto, ila haimkingi.

"Inaweza kuwa ya mwaka juzi hiyo namba," alisema. "Sijawahi kuifuta."

"Inaweza," Shangazi alisema. "Inaweza pia kuwa ya juzi. Nani alishika swichi ya ubaridi?"

Hapo nilimwona anakumbuka. Nilikwenda kuchukua kijitabu changu, nikawasomea. Jumanne, tarehe 10. Jua kali ajabu, bati linalia. Jokofu nyuzi nane asubuhi, bosi ameongeza ubaridi. Bosi ameondoka saa tano kwenda mkutano wa wenye biashara. Umeme umekatika saa moja na dakika kumi jioni, umerudi alfajiri.

Nikafungua karatasi ya joto. Tarehe 10, asubuhi nane, jioni tano. Tarehe 11, asubuhi nne.

"Nilikuta nne," alisema polepole. "Nikafurahi. Nikarudisha swichi katikati." Mchana kutwa jokofu liligandisha, umeme ulipokatika barafu yote ikayeyuka usiku, na asubuhi jokofu likampokea kwa uso mwema.

Tangu siku ile tulikuwa na siku tatu za chanjo. Nilihesabu kwenye daftari. Watoto kumi na saba.

"Kuna njia ya kujua," Shangazi alisema. "Chukua chupa moja ya boksi lile lile, igandishe makusudi usiku kucha. Asubuhi iyeyushe, uitikise pamoja na hii tunayoishuku, uziweke mezani. Iliyoganda, unga wake unazama upesi na maji yanabaki maangavu juu. Nzima inakaa na ukungu wake."

Bosi aliangalia mikono yake. "Na tusipojaribu?" aliuliza. "Nauliza tu, Shangazi. Tukiagiza boksi jipya, tukatupa hili, tukakaa kimya?"

Sikutegemea kusikia hilo kutoka kwake, na nadhani hata yeye hakutegemea.

"Unataka usijue?" Shangazi alisema. "Umechelewa, binti. Hilo ungelitaka kabla hujaenda kujisifu."

Shangazi alifunga chupa moja kwa plasta, akaandika juu yake neno "imeharibiwa" kwa kalamu nene, akaitia kwenye friza ya nyumbani kwake. Bosi alikaa ofisini mlango wazi hadi wakati wa kufunga. Saa kumi jioni alitoka, akasoma namba zote tatu, akakata ile tano ya jioni aliyoiandika asubuhi kwa mstari mmoja, akaandika tano ya kweli pembeni. Ilikuwa tano ile ile. Alisimama akiitazama kana kwamba imemtukana.

Mlangoni alinishika kiwiko. "Mwenzangu," alianza. Nikamwambia afunge dirisha la maabara.

Ijumaa, tarehe 20. Hakuna mawingu, umande mzito.

Saa moja kasorobo alikuwa mlangoni, koti limepigwa pasi. Leso hakuitoa. Alipita jokofuni, akasoma, akaandika asubuhi: nne. Aliponiona alisema, "Umeamkaje?" Kwa miaka kumi na mmoja hiyo ndiyo salamu yangu ya kwanza kabla ya saa mbili.

Shangazi alifika na chupa yake imeshayeyuka, ameifunga kwenye khanga kama yai. Aliishika pamoja na ile ya jokofuni katika kiganja kimoja, akazitikisa, akaziweka mezani juu ya karatasi nyeusi. Tulivuta viti. Zote mbili zilikuwa nyeupe kama maji ya mchele. Baada ya dakika chache ile yenye plasta ilianza kujitenga juu, maji maangavu yakatokea, unga ukashuka chini kwa vipande. Tukaangalia ya pili. Kwa muda ilikaa na ukungu wake, nami nikajikuta naiombea. Kisha nayo ikajitenga, na haikupishana na mwenzake hata kwa upana wa ukucha.

"Haya," Shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha.

Bosi alichukua boksi tupu la dawa na kuandika nyuma yake. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasoma. Moja, ofisi ya afya, barua na chupa zote. Mbili, akina mama 17. Tatu, chuo, kwamba karani hakuandika. Barua niliipiga chapa mimi, ikaondoka na Shangazi. Kisha akachukua daftari la chanjo, akaweka simu mezani ikiwa kwenye spika, ili mikono yake ibaki na kalamu. Mtoto wa kwanza alikuwa wa Jumatano tarehe 11.

"Halo, mama. Ni mimi mwenye kliniki. Nakupigia kuhusu sindano ya mwanao."

"Kuna nini? Mtoto mwenyewe huyu hapa ananyonya."

"Hajambo, hana tatizo. Ila chanjo ile ilikuwa imeharibika. Iliganda. Itabidi arudie."

"Iliganda vipi? Si mna friji na makaratasi yenu mnatuonyesha?" Akavuta pumzi. "Najua. Ni yule karani wenu aliyenuna. Nilisema mimi, yule mama anaandika sana hafanyi kazi."

Shangazi angekuwepo angecheka. Bosi aliniangalia, kisha akaangalia daftari.

"Hapana, mama. Karani hahusiki. Ni mimi. Niliongeza ubaridi, nikaandika joto la jioni tangu asubuhi, nikaondoka. Hakuna aliyeangalia."

Upande wa pili tulimsikia mtoto akimeza.

"Kwa hiyo alilia bure," mama alisema.

"Alilia bure."

"Na mimi niliyemshika miguu."

"Nawe pia. Nisamehe."

"Sijui kama nakusamehe. Nakuja Jumatatu. Umchome wewe mwenyewe, na hilo friji nilione kwanza."

"Utaliona."

Simu ilikatwa upande wa pili. Aliweka alama ndogo kwenye mstari wa kwanza, akafuta kiganja kwenye koti lililopigwa pasi, akashusha kidole hadi kwa mtoto wa pili, akaanza kubonyeza namba.